Nilimwachia Shemeji Lawama ya Moto Wangu

Aliyemchoma dada yangu ni mimi. Naliandika hilo mwanzo kabisa, kwa sababu nimelizunguka zaidi ya mwaka mzima, na nikianza na maelezo najua nitajitafutia tena njia ya kupita pembeni.

Mi ni fundi wa magari hapa Bujumbura, Buyenzi. Jina langu sitalitaja. Dada yangu nitamwita Mariamu na mume wake nitamwita Issa, ingawa hayo si majina yao.

Issa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya kule Kibenga yalipita mikononi mwake. Tulikuwa marafiki kabla ya kuwa mashemeji, na siku alipomuoa dada yangu nilifurahi kuliko bwana harusi mwenyewe.

Tulinunua jipu moja la zamani Kanyosha, bodi imeoza, magurudumu hayapo. Kila Jumapili tulilijenga upya. Issa akainua chasi, akatengeneza bampa ya chuma kizito na keria ya juu. Injini ikawa kazi yangu. Miaka miwili lile jipu lilikaa juu ya matofali mbele ya gereji, na watu wakipita wanatuuliza kama tunafuga kuku ndani yake.

Injini yake ya kabureta ilikuwa imekufa. Nikapata nyingine, ya injeksheni, kutoka gari lililopata ajali. Hapo mfumo wote wa mafuta ukalazimika kubadilishwa: tanki, pampu, mabomba, filta, kila kitu. Kabureta inaridhika na esansi, yaani petroli, inayokuja taratibu. Injeksheni inataka pampu ya umeme inayosukuma kwa nguvu, na mipira yake lazima iwe ile migumu ya presha. Ukiweka mpira wa kawaida utavimba, mwisho utachomoka. Hilo nalijua tangu zamani. Nimewafundisha wengine!

Issa akachomelea tanki jipya, kubwa, maana esansi siku hizi ukiipata leo hujui utaipata tena lini. Alilijaza maji, akaliacha siku mbili, akapapasa kila mshono kwa kitambaa kikavu. Halikutoa hata tone. Tukalifunga nyuma, chini ya kiti, na pampu pembeni yake.

Mpira wa presha niliagiza kwa dereva wa lori atokaye Dar es Salaam. Lori likakwama mpakani. Idi ikawa inakaribia, na mimi nilikuwa nimeshajitapa mtaa mzima kwamba Idi hii jipu litapanda mlima. Nilishachoka kuchekwa.

Basi siku moja kabla ya Idi nilichukua kipande cha mpira wa kabureta kilichokuwa kinaning'inia ukutani. Nikakifunga kati ya pampu na bomba, vibano viwili. Nikajiambia ni kwa safari moja tu. Nikawasha. Injini ikaitika vizuri, nikasahau kuogopa.

Siku ya pili ya Idi Issa akaja na Mariamu. Dada yangu alikuwa mshonaji, na alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Binti yao wa miaka minane walimwacha kwa mama yetu. Kabla ya kupanda, Issa aliinama akachungulia chini ya gari, akaniuliza:

"Shemeji, ile mupira ya presha ulipata?"

"Nilipata."

Basi. Akanyanyuka, akajipangusa magoti, akashika usukani. Kwa nini angeangalia tena? Upande wa injini alikuwa ameniachia mimi.

Tulivuka Kanyosha tukashika njia ya udongo inayopanda. Mariamu alikaa nyuma, anacheka, anatuambia twende polepole, huku ziwa linazidi kuonekana kule chini. Pale mlima ulipokuwa mkali alisema anasikia harufu ya esansi. Nikamwambia tanki jipya ndivyo linavyonuka.

Hata pale nilikuwa na nafasi, ndugu yangu unayesoma. Ningesema tu, "Simamisha." Nikadanganya mara ya pili.

Hatukufika kwenye kona iliyofuata. Moto ulitokea chini ya kiti cha Mariamu.

Lile jipu lilikuwa fupi, milango miwili tu ya mbele. Issa alizima injini, akakisukuma kiti chake mbele, akaingia nusu mwili ndani ya moshi, akamtoa mke wake kwa kumvuta. Mimi nilikuwa nimesharuka zamani. Nilisimama hatua kumi mbali, nimeshika kichwa. Watu waliokuwa wanalima karibu ndio waliokuja na majembe na kumwaga udongo.

Mariamu aliungua miguu yote miwili na mkono wa kulia, mkono aliokuwa anashikia mkasi.

Hospitalini Issa hakubanduka kwenye kitanda cha mke wake. Hakutafuta wa kumlaumu. Alirudia maneno yale yale kwa kila aliyekuja kuwajulia hali: "Ni mushono wangu umefunguka. Mi ndiye nimemuchoma." Alinambia na mimi hivyo. Nikamshika bega, nikamwacha aamini hivyo.

Lakini nilikuwa nimeshajua! Kesho yake ya ule moto mimi na vijana wangu tulilivuta gari hadi gereji, na nikalala chini yake peke yangu. Tanki lilikuwa jeusi, limekunjamana, ila mishono yote imeshika. Mpira wangu ulikuwa umechomoka, na mabaki yake yaliyoungua yamebaki kwenye kibano. Niliyakata kwa kisu. Nikayatupa kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya gereji, nikanawa mikono.

Issa hakutaka kuliona tena lile gari. Angelitazama dakika moja tu, angejua.

Mariamu alipotoka hospitali, mama hakukubali arudi kwa mumewe. Baba mdogo akaita kikao cha familia. Issa alikaa kwenye mkeka karibu kabisa na mlango, kama mgeni. Wazee walisema mengi, kwamba mtu anayemkalisha mke wake juu ya tanki bovu hafai kurudishiwa mke. Halafu baba mdogo akanigeukia.

"We ndiye fundi. Moto ilitoka wapi?"

Wote wakanitazama, na Issa pia.

"Ilitoka kwenye tanki," nikasema.

Issa akatikisa kichwa kukubali. Alinikubalia mimi! Mama akadai talaka, na yeye akaitoa bila kupigania kitu, akisema ni haki yake kuchukiwa. Juma lile lile aliuza mashine yake ya kuchomelea, akavuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo.

Mwaka ukapita. Mariamu alijaribu kushona kwa mkono wa kushoto, mishono inakwenda kombo, wateja wanaondoka mmoja mmoja bila kusema neno baya. Mimi nikawa mtu mwema wa familia. Nilipeleka unga, sabuni, madaftari ya mtoto. Mama alikuwa ananiombea dua mbele ya wageni, na kila akiinua mikono nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa moja tulikuwa tunakula kwa mama. Yule binti akanigeukia, tonge mkononi.

"Mujomba, ni kweli baba alimuchoma mama?"

Mariamu akamwambia anyamaze. Mimi nikarudisha tonge langu kwenye sahani.

"Apana," nikasema. "Ni mi."

Nikaeleza yote, tangu mpira ule ukutani hadi kwenye mtaro. Mama alinyanyuka akaenda uani. Mariamu hakulia. Alinawa mkono wake mmoja, polepole, ndipo akasema:

"Siku ya kikao nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikusikia ukisema ni tanki. Nikajiambia, kama ndugu yangu mwenyewe amesema, basi ni kweli. Ni we ulifanya nikubali ile talaka."

Kisha akaniomba nitoke.

Kesho yake nilivuka mpaka. Nilimkuta Issa Uvira, anashusha mifuko ya saruji kwenye lori. Alikuwa amekonda. Akanisalimia vizuri, na jambo la kwanza aliloniuliza ni mkono wa Mariamu unaendeleaje. Tulikaa juu ya ubao, nikamwambia.

Aligeuka akanitazama usoni.

"Tanki haikuvuja?"

"Haikuvuja."

"Na ule mushono wa chini? Ule wa pembeni?"

"Yote ilishika, Issa. Niliiona kwa macho yangu."

Aliuliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu akavitazama viganja vyake, akaanza kulia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nilinyoosha mkono nimshike, akausogeza pembeni. Akaniambia kwamba tangu siku ile hajawahi kugusa mashine ya kuchomelea, akiona cheche tu anamuona Mariamu.

Tukiwa bado pale, akaja mwanamke na chakula kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Alikuwa mjamzito. Issa akajipangusa uso, akanitambulisha kuwa mimi ni ndugu kutoka Bujumbura, na kwamba huyu ndiye mke wake. Mama wa watu akanikaribisha nile. Sikuweza, nikanyanyuka.

Issa alinisindikiza hatua chache. "Rudi kwako, shemeji," akasema. "Usikuje tena huku." Bado aliniita shemeji.

Niliporudi nilimuomba baba mdogo awaite watu wale wale wa kikao, nikasema mbele yao kile nilichopaswa kusema siku ile. Kulikuwa na waliotema mate chini wakitoka. Siwalaumu.

Mariamu hakuja kwenye kikao hicho. Alinipokea mlangoni siku moja tu, akaniuliza kama Issa anakula vizuri. Nikamwambia anapikiwa. Akasimama pale kidogo, ameshikilia mlango kwa mkono wake mzima, akaelewa. Akaufunga. Mpaka leo hajanifungulia tena.

Ninyi mafundi wenzangu, na ninyi mnaojenga magari yenu nyumbani kila Jumapili, msiweke mpira wa kabureta mahali pa presha, hata kwa safari moja, hata kama mtaa mzima unawacheka. Na mkishakosea, semeni hapo hapo, wakati watu bado wanamwaga udongo kwenye moto. Mtatukanwa, labda mtapigwa, labda mtafungwa. Vumilieni. Mi ningesema kule kule mlimani, dada yangu angebaki na mkono mbovu na mume wake. Sasa amebaki na mkono mbovu tu.