Ijumaa ya Wanasesere wa Mgomba

Nyumbani kwetu Ijumaa ilikuwa na harufu yake: rangi ya viatu, mkaa wa pasi, na ndizi zilizochemshwa mapema ili kesho yake mtu asishike kazi. Kwetu ni juu kidogo ya Ekerenyo, ambako mvua ya alasiri haikosi, na sisi ni watu wa Sabato. Jua likizama Ijumaa, kila kazi inasimama pale ilipofikia, iwe ni jembe shambani, nguo kwenye karai au ufagio mkononi. Ndiyo maana alasiri ya siku hiyo mama yangu alikuwa mtu wa kuogopwa. Alipita chumba hadi chumba akihema, na sisi tulimpisha kama vifaranga.

Msimu ninaousema nilikuwa darasa la tatu, likizo ya Aprili, mvua imetufungia ndani. Dada yangu Kwamboka, aliyenizidi miaka miwili, alikunja waya akatengeneza lori la kubebea majani chai, magurudumu yake soli za patipati kuukuu. Mimi nilisuka wanasesere wa maganda makavu ya mgomba, nywele zao ndevu za mahindi. Tulikuwa pia na televisheni ya katoni, na vyungu vya udongo vilivyopasuka kabla ya kukauka. Vitu hivi vilijaa chini ya viti, juu ya kabati, hata ndani ya sufuria kubwa ya wageni. Baba akikaa kitini tulisikia kitu kikivunjika, naye akiuliza, "Leo nimekalia nani?"

Niseme ukweli kuhusu wale wanasesere. Nilikuwa mtoto wa aibu mno, na bado niko hivyo. Mgeni akibisha, nilijificha nyuma ya pazia mpaka aende. Darasani nilijua majibu lakini mdomo haukufunguka. Ila nilipokuwa na wanasesere wangu chini ya meza, nilisema. Mkubwa wao alikuwa mwalimu. Aliniuliza maswali, nami nikajibu kwa sauti kamili, nikibishana naye na hata kumfokea. Sikuwa na mahali pengine pa kuisikia sauti yangu. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Basi Ijumaa moja mama alipata habari kwamba wazee wa kanisa wangekula kwetu mchana wa Sabato. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sisi mgeni alitupatia kesi. Mama alifua vitambaa vya viti, akatoa birika la wageni, akafunua kifuniko, akakuta kichwa cha mwanasesere ndani. Akakitoa kwa vidole viwili. Halafu akasema, "Leo nyumba hii itakuwa ya watu. Takataka zote shimoni, na ninachoma kabla jua halijazama."

Tulibeba wenyewe. Nilitembea polepole mpaka Kwamboka akaninong'oneza, "Usilie, mjinga wewe. Tuchelewe tu." Nikaelewa. Anga lilikuwa limefunikwa na mawingu, jua halionekani, lakini lilikuwa linakwenda. Mama aliwasha kiberiti, manyunyu yakakizima. Akawasha kingine. Akamtuma Kwamboka mafuta ya taa kwa jirani, na dada yangu, ambaye kwa kawaida alikimbia hata akitumwa chumvi, siku hiyo alitembea kama bibi harusi. Aliporudi mama alimnyang'anya chupa, akamwaga, akashika njiti. Nilikaza macho kwenye kidole chake.

Hapo ng'ambo ya bonde, nyumba ya kwanza ikaanza wimbo wa kukaribisha Sabato, ya pili ikapokea. Baba akatoka mlangoni.

"Mama Kwamboka, weka kiberiti."

"Ni njiti moja tu, Baba Kwamboka."

"Moja ni kazi. Sabato imeingia."

Mama aliitazama njiti, akalitazama lile rundo, akairudisha njiti kiberitini. Kwamboka alinifinya kwa furaha. Mimi pia nilidhani tumeshinda. Kumbe tulikuwa tumeongezewa siku moja tu ya kungoja.

Sabato ile ilikuwa ndefu kwa mama na fupi kwangu. Kanisani sikusikia neno. Wageni walikula, wakasifu mboga, na mama mmoja mzee akanishika kidevu: "Na huyu mdogo anaitwa nani?" Nilijua jina langu. Halikutoka. "Ni Moraa," Kwamboka akajibu, "huyu huongea na maganda tu." Watu wakacheka, nami nikaangalia dirishani kuona jua limefika wapi. Jana nilitaka lizame. Leo ningelishika kwa mikono miwili.

Wageni waliondoka, tukaomba maombi ya kufunga Sabato, na mama akaenda shimoni na kiberiti chake. Hasira ilikuwa imempungua. "Kuna mwenye neno?" akauliza.

"Mimi!" Kwamboka akapaza sauti. "Lori langu halichomwi! Hata Baba alisema ni zuri kuliko ya wavulana."

Mama akacheka. "Toa lori lako, wakili. Na wewe, Moraa?"

Alingoja. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba alingoja kweli. Maneno yalikuwa mdomoni, yamejipanga, ni kufungua tu. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Nikasikia njiti.

Maganda ya mgomba huungua haraka hata yakiwa na unyevu. Asubuhi yake, tukichambua mboga, mama aliuona uso wangu akaacha kisu. "Kumbe uliwataka? Mbona hukusema, mama?" Hata hapo sikujibu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Changu hakikuwa na mshindo wowote.

Sasa niko kidato cha tatu, na nyumba imejaa tena. Mdogo wetu Nyaboke yuko gredi ya pili, na shule yenyewe ndiyo inayodai saa za katoni, vinyago vya udongo na sanamu za kufukuzia ndege. Mama yule yule hupita madukani akiomba maboksi. Ijumaa iliyopita, nikiwa nyumbani kwa likizo, alinipa ufagio na kuniambia nitoe takataka sebuleni kabla ya jua kuzama. Nikachuchumaa mbele ya Nyaboke na kumwuliza kipi nitupe.

"Hakuna," akasema.

"Hata hiki kilichovunjika?"

"Nimesema hakuna, Moraa! Ukiguza nitamwambia Baba, na Mama, na mwalimu!"

Mama akaita kutoka jikoni kwamba jua linazama, nimemaliza? Nikasimama na ufagio mkononi. "Mama," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikifika jikoni, "vyake vinabaki." Nikafagia nikivizunguka.