Paa la Boti Juu ya Mkokoteni

Juzi Kariakoo nilimkuta mama wa makamo amefunga paa la turubai juu ya mkokoteni. Alilishona mwenyewe, la kiboti chao cha matembezi. Mumewe, aliniambia, katoka kufanyiwa upasuaji wa macho. Daktari kamkataza jua, na bila bahari mzee hakaliki naye nyumbani. Sasa alitaka kujua kama paa litahimili upepo.

“Kimbiza, baba!” akamwambia mwenye mkokoteni.

Paa likavimba, likapigapiga, halikung’oka. Mgambo akawasimamisha.

“Mama, kibanda hiki kina kibali?”

“Si kibanda, mwanangu. Ni paa la boti, la kumkinga mzee wangu na jua.”

“Boti iko wapi?”

“Majini. Ulitaka nije nayo Kariakoo?”

Watu wakacheka. Mgambo akalizunguka paa, mikono nyuma, kama anakagua meli. Akatikisa kona moja.

“Huku nyuma pamelegea. Mzee ataungua.”

Akaweka rungu chini, akakanyaga tairi, akavuta kamba na kupiga mafundo mawili. Mama akajaribu kuyalegeza aone kama yatashika, yakamshinda.

Mgambo wanaobomoa vibanda nimewaona wengi. Huyu ndiye wa kwanza kumwona akikaza kimoja kisianguke.