Mtama Tuliouloweka Februari

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, na hapo ndipo tulipoponzwa. Ingeanza vibaya tungekaa chonjo. Sisi wa Ikungi, huku Singida, tunajua kufunga mkanda mbingu zikinuna. Lakini Desemba ilinyesha, Januari ikanyesha, mtama ukafika kiunoni na magugu nayo palepale. Redio ilikuwa imetuambia mvua zingekuwa za wastani hadi chini ya wastani, maneno ambayo hata mimi ningeyasema bila kutoka kitandani.

Shamba lilitaka kupaliliwa na tulikuwa wawili tu wa kushika jembe, mimi na mume wangu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye ua mmoja, akasema tupike pombe ya kazi. Kwetu ndivyo inavyokwenda: unaloweka mtama, unauacha uchipue, unauanika, unasaga, unapika mtukuru, pombe yetu ya mtama, kisha unaita majirani. Wanapalilia tangu alfajiri, na jua likiwa kali wanakaa kivulini wanakunywa. Hakuna anayelipwa. Lakini pia hakuna anayesahau pombe ya nani ilikuwa nzito na ya nani ilikuwa maji matupu.

Ndani tulikuwa na gunia moja la mtama wa kula na debe la mbegu ya akiba. Mbegu ile niliichagua mwenyewe, suke kwa suke, nikaichanganya na majivu isiliwe na wadudu. Tukaloweka nusu ya gunia. Kesho yake upepo ukageuka. Asiyekaa Singida haujui upepo ule: unakuja mkavu, unafagia mawingu yote, na kufika mchana midomo imeshapasuka.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, tusimame kwanza. Huu uliolowa tuuanike, tutausagia uji. Mvua ikirudi tutaita watu."

"Watu wameshaambiwa," akasema. "Unataka waseme nyumba hii inaita watu halafu inajificha?"

Nikamgeukia mume wangu. Akasema nimsikilize mama. Tangu anioe hiyo ndiyo busara yake yote.

Nilikwenda kisimani. Niliporudi nikakuta debe langu liko tupu, mbegu imeoshwa majivu na kumwagwa kwenye maji pamoja na ule mtama mwingine. Mama mkwe alikuwa ameona pombe ingekuwa nyepesi. "Usinune, mke wetu," akaniambia. "Mavuno hayako mbali. Utachagua mbegu mpya mpaka uchoke." Nilikuwa na hasira, lakini nikaokota debe langu tupu nikalirudisha ndani, maana mkwe ni mkwe. Na mbegu iliyokwisha kulowa ungeirudisha vipi?

Siku ya kazi walikuja wote, hata tusiowaita. Ardhi ilikuwa imekauka, jembe likigusa linatoa vumbi. Nilikuwa nawaona, mmoja mmoja, wanatupa jicho juu kisha wanainama tena. Walijua. Wakulima wa miaka yote ile walijua fika kwamba wanapalilia kitu kinachokufa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, kwa sababu pombe ilikuwa imeiva. Jirani mmoja akanitania, "Shemeji, magugu yako mwaka huu yamekufa kwa heshima, yamepata na pombe ya msiba." Wakacheka. Na mimi nilicheka, huku nikimchukia.

Pombe waliisifu sana, wakasema ni nzito, haijapata kuonekana. Mama mkwe alipita katikati yao na kibuyu, akijaza, akijaza, uso umemng'aa.

Mvua haikurudi. Mtama ulitoa masuke yakiwa makapi, hata ndege hawakujisumbua kutua. Aprili ikaja mvua moja kubwa, ya kejeli, ikasomba udongo ikaenda zake. Nilikata mabua nikawapa mbuzi.

Nusu gunia iliyobaki haikutufikisha popote. Nikaanza kwenda vibarua vya vitunguu kwenye mashamba ya watu, napewa unga wa siku hiyo, narudi napika mlenda. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi sikulichuma, lakini nililila, na nililipika mwenyewe jikoni kwangu. Waliokunywa kwetu sikuwa na la kuwadai. Kazi waliifanya, tena vizuri. Nao walikuwa na njaa zao, na aliyebakiza mbegu alibakiza ya kumtosha mwenyewe. Nilibisha hodi nyumba tatu nne kuomba japo kibaba. Nilipewa maneno mazuri.

Desemba ikafika na mvua ikaja kama tulivyokuwa tunaiomba mwaka mzima, ya taratibu, inaingia ardhini. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa mashambani. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa jiko mama mkwe alipotoka chumbani kwake, amejifunga kanga, amebeba jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekaa, mke wetu? Wenzako wanapanda."

"Nipande nini, mama?"

Alisimama palepale. Kisha akalishusha jembe, akaliegemeza ukutani taratibu, akarudi ndani. Mvua iliendelea kunyesha, nzuri kabisa, ya kila mtu isipokuwa sisi, nami niliiombea ikatike.