Geti lililomchekesha Baba

Leo Baba amecheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama.

Nilimleta huku Guangzhou apumzike, lakini siku nzima anakaa dirishani.

Asubuhi nikamwekea komedi ya zamani ya Kifaransa, kama zile alizokuwa akizionyesha alipokuwa fundi wa mashine ya sinema kule Tanga. Mtu kaingia nyumba ya kisasa, kila mtambo anaougusa unamgeuka.

Baba akaitazama mpaka mwisho kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Nikazima. Tukaenda zetu soko la Zhongda kununua vitambaa.

Tuliporudi, nimebeba majora mawili, geti la jengo letu, linalofunguka kwa kamera ya uso, likakataa kuitambua sura yangu.

Nikavua miwani. Likakataa.

Nikainama, nikarudi nyuma, nikatabasamu. (Ndiyo, nimelitabasamia geti.) Likakataa.

Akaja bibi jirani na mfuko wake wa mboga. Geti likamfungukia kabla hajalitazama, akapita, likajifunga. Mimi bado niko nje.

Nyuma yangu nikadhani Baba anakohoa. Kumbe anacheka, ameshika ukuta, machozi yanamtoka.

"Baba, unanicheka mimi?"

"Mama yako angekaa chini hapo hapo kwa kicheko," akasema. "Alicheka filamu zile mpaka nikatoka chumba cha mashine kwenda kumtazama ni nani."

Sikuwahi kujua kwamba walikutana hivyo.

Bibi akarudi kutufungulia. Nikamwashiria asubiri kidogo, nikaketi juu ya majora, nikamwambia Baba aendelee.

Wazazi wenu walikutana wapi?