Mikorosho Kumi yenye Vitambaa

Bandarini Mtwara, Rebeka anajulikana kwa kalamu yake. Ni karani wa tali. Magunia ya korosho yanapoingia kwenye kontena, yeye husimama pembeni akichora vijistari, vinne wima na cha tano kikivikata, na zamu ikiisha humkabidhi mwenzake karatasi. Hapo wote wawili hutia saini, anayetoka na anayeingia. Magunia yakipungua baadaye, hakuna anayeuliza kama mvua ilinyesha au mlango ulikuwa wazi. Wanauliza: nani alisaini? Kwa miaka kumi na minne Rebeka, mzaliwa wa Makambako aliyeletwa kusini na ndoa, hajawahi kukosa jibu.

Basi mwezi wa tano, aliposikia kuwa soko la sarafu za mtandaoni limefungwa na hela za watu hazitoki, kitu cha kwanza alichotafuta ni saini.

Soko lile alionyeshwa na Idrisa, karani mwenzake. Unatuma hela kwa simu, zinageuka sarafu ambazo hakuna aliyewahi kuzishika, na kila asubuhi namba zinakuwa zimeumuka kama unga wa maandazi. Rebeka aliweka zake kidogo, akaona zinaumuka kweli. Furaha ikamzidi, akamweleza Carlota, jirani yake wa shamba kule Mpapura.

Carlota alivuka Ruvuma akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati wa vita vya upande ule. Leo ni mjane wa miaka hamsini na kitu, ana mikorosho yake, ana binti aitwaye Neusa, na nyumba ya nyasi aliyokuwa akiiwekea hela za bati kwa misimu miwili. Ndiye pia anayemwangalizia Rebeka mikorosho yake ishirini, maana bandari haitoi ruhusa kwa ajili ya palizi.

"Ghala liko wapi?" Carlota aliuliza siku ile.

"Mama Neusa, ni kama stakabadhi ghalani tu. Ukishapeleka korosho si unabaki na karatasi? Kwani unalala nazo?"

"Silali nazo. Lakini ghala nimeliona. Nimekaa kwenye kivuli chake."

Rebeka alicheka. Carlota naye akacheka, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Simu yake ilikuwa kitochi kisicho na intaneti, kwa hiyo hela zake ziliingia kwa jina na namba ya Rebeka.

Sasa soko limeanguka. Mwenye soko alionekana kwenye simu za watu akiwa na fulana iliyokunjamana, akisema anasikitika. Rebeka alisoma masharti yote ya soko lile, ukurasa kwa ukurasa, kwa subira ya mtu aliyezoea kuhesabu. Hakuona mahali ambapo yule mtu alikuwa ametia saini ya kupokea chochote. Idrisa alimwambia, bila ubaya, "Mimi nilikuonyesha tu, Mama Danieli. Kubofya ulibofya mwenyewe."

Nyumbani, mumewe Fredi, dereva wa kreni, alikuwa mkali zaidi.

"Soko limefia nchi ambayo hata kwenye ramani huijui. Wewe Mpapura unaenda kufanya nini, kubeba jeneza?"

"Nani alimwambia Mama Neusa kuna ghala, Fredi?"

Fredi akaendelea kuvua buti.

Jumamosi Rebeka alimkuta Carlota akipukuchua mbaazi. Akamweleza habari yote akiwa amesimama.

"Bati zangu zimekwenda?"

"Zimekwenda."

"Zote?"

"Zote, dada yangu."

Mbaazi ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Kule Mpapura mti na ardhi si kitu kimoja. Mtu akibanwa humpa mwenzake mikorosho avune misimu kadhaa, na shamba hubaki lake. Rebeka akasema alilokuja nalo: "Chukua mikorosho yangu ishirini. Vuna misimu mitatu. Najua hela hazitarudi upesi, lakini zitarudi."

Carlota alitazama paa lake. Kisha akasema, "Rudi wiki ijayo. Nitafunga vitambaa kwenye nitakayochukua."

Wiki ile Rebeka hakufanya kazi vizuri. Hofu yake haikuwa mikorosho. Alihofia kuwa akifika atapokewa kama mgeni, aletewe kiti na aulizwe habari za mjini.

Alipofika, harufu ya salfa, dawa ya mikorosho, ilikuwa hewani. Carlota, akiwa amejifunika pua kwa kanga, alikuwa akiipulizia miti kwa mashine. Rebeka alipita kati ya mistari akihesabu, kwa sababu ndivyo macho yake yalivyozoea. Vitambaa vilikuwa vya kanga kuukuu yenye maua mekundu. Kumi. Akarudia kuhesabu kutoka upande wa pili. Kumi. Na haikuwa kumi ya huruma: mkorosho ule mkubwa wa njiani, unaojaza magunia kuliko yote, ulikuwa na kitambaa, na ile miwili mibovu ya bondeni pia ilikuwa navyo. Carlota aligawa kama mtu anayewagawia ndugu nyama.

"Mama Neusa, nilikupa yote."

Carlota alizima mashine. "Niliuliza ghala liko wapi. Hukunijibu, nikatoa hela. Kulikuwa na mtu amenishika mkono?"

"Nilikudanganya bila kujua."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kumi yako, na sikusamehe hata mti mmoja." Alijifuta unga wa njano usoni. "Kumi nyingine ni kosa langu. Na yule mwenye fulana, hana hata mche?"

Wakacheka mpaka Rebeka akashika shina ili asianguke, na kicheko kile kilimtoa machozi ambayo hakuyatarajia. Alikuwa ameandaa karatasi kama za bandarini: mikorosho, misimu mitatu, tarehe. Akafuta ishirini, akaandika kumi, akatia saini.

"Lete kalamu," alisema Carlota. "Si uliniambia zinakuwa saini mbili?"

Aliandika jina lake akiwa ameweka karatasi juu ya goti, herufi kubwa zinazopanda mlima.

Jioni Fredi aliuliza, "Kachukua yote?"

"Nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Anasema hela alitoa mwenyewe. Naye kasaini."

Fredi, ambaye kutwa nzima huinua mizigo ya watu wasiojulikana, alisogea mlangoni. Kisha akanyoosha mkono, akaomba aione karatasi. Alikaa nayo hapo mlangoni, kwenye mwanga, akilisoma jina lile moja la Carlota kama mtu anayesoma barua ndefu.