Nyama Hapana, Hata Meno Ikiisha

Nyinyi watu ya Arua, na nyinyi mulifika kutoka Koboko na pikipiki ikiwatingisha matumbo, kaeni chini. Nawaambia kwa nini mimi mpaka leo nyama sili, na sitakula, hata mukinifunga kamba.

Niliacha nyama siku ile dume yangu ilichinjwa. Ile ng'ombe ilikuwa inanijua kuliko bibi yangu. Nikikohoa kule kijiji ya Manibe, yeye anajibu kule Pajulu. Sahani ikafika, nikasema hapana, mimi siwezi kutafuna rafiki. Miaka saba sasa nakula maharagwe, dodo, ile mchicha yetu, na simsim, na enyasa, ile ugali yetu ya wimbi na muhogo. Na nguvu iko! Nilisukuma lori peke yangu, lori ikaniomba msamaha.

Lakini meno yangu ya mbele ikaanza kuwa fupi. Kila mwezi inapungua kama sabuni. Nikinywa maji baridi, uchungu inapanda mpaka kwa kofia. Mama mkwe, Mnubi wa Koboko, akaona siku moja nikicheka.

"Ni sababu ya majani," akasema. "Mutu anakula kama mbuzi, meno itabaki? Iddi hii utakula maini mbele yangu. Ukikataa, binti yangu narudisha nyumbani."

"Mama, heshima yako iko juu ya kichwa yangu. Lakini maini hapana."

"Basi twende kwa daktari, yeye atakuambia."

Bibi yangu akaanza kuhesabu sufuria zake. Hiyo ilinitisha kuliko mama yake. Watoto sita, na mimi tayari naona sufuria zake zinapanda gari ya Koboko. Hata hivyo roho yangu ilikuwa ngumu kama mawe ya kusagia.

Tukaenda Arua mjini, sisi watatu. Daktari wa meno alikuwa mama mmoja mpole, taa iko kwa kichwa. Akachungulia mdomo yangu mpaka nikafikiri anatafuta kitu alipoteza.

"Mzee, si kukosa nyama inamaliza meno yako. Unakula nini ya chachu?"

"Ukwaju, daktari. Tangu niliacha nyama, mdomo yangu inatamani kitu. Namumunya asubuhi mpaka jioni."

"Halafu?"

"Halafu nasugua na majivu, kwa nguvu, mdomo iwe safi kabla ya kuswali. Mara tano kwa siku."

Daktari akashika kichwa. "Hapo! Chachu inalainisha jino, wewe unakuja na majivu unaikwangua. Wacha ukwaju, tupa majivu. Ukila kitu ya chachu, sukutua na maji, ngoja kwanza ndiyo upige mswaki. Ile imeisha hairudi, lakini iliyobaki itakaa."

"Na nyama?" nikauliza kwa sauti, hata wale ya nje wasikie.

"Kama hutaki, wacha. Endelea na maharagwe yako."

Nikashuka kwa kile kiti kama jemadari. Bibi yangu akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Lakini ukwaju yote hiyo unatoa wapi?" daktari akauliza.

Mimi nikatafuta viatu yangu. Mkwe ni mkwe. Bibi yangu ndiye alijibu: "Mama anauza soko ya Koboko. Anamletea gunia nzima."

Mama mkwe akavuta kitambaa yake ya kichwa vizuri, akasogea karibu na ile taa.

"Daktari, angalia tena. Mimi naona ni kukosa nyama."