Nilihesabu pembe kumi kwenye chart ya unabii, Yesu sikumpata

Wakuu, salamu kutoka Makutano, Meru. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Anayetaka chumvi kuna thread zingine.

Kazi yangu ni kununua ndizi Runyenjes na kuziuza huku. Mkulima akisema mikungu arobaini, nahesabu. Halafu nahesabu tena, yeye akiniangalia vibaya. Shikeni hiyo, tutairudia.

Kaka yangu mkubwa, Njeru, ndiye alibaki kwa shamba la baba. Kahawa mia tatu, mzee alizipanda kwa mkono wake. Zimezeeka, na ilikuwa wakati wa kukata mashina na kuacha chipukizi.

Wanaolima wanajua: ukikata leo, ungoje kama miaka miwili ndio uchume.

Mke wake, Mama Wanja, akanipigia simu. "Shemeji, njoo haraka. Ndugu yako anang'oa kahawa yote Jumatatu apande maharagwe. Anasema hiyo miaka miwili dunia haifiki."

"Nani amemwambia?"

"Chart."

Jumapili nikafika. Fellowship ya maombi ilikuwa kwa jirani, na chart ilikuwa huko. Mwalimu mgeni alikuwa ametundika shuka nyeupe ukutani, amechora unabii wote kuanzia Danieli hadi Ufunuo. Wanyama, pembe, mishale, majuma.

Mchoro mzuri, sitasema uongo. Yule simba mwenye mabawa ningemnunua.

Akifundisha, mimi nahesabu. Pembe kumi, hapo hakuibia mtu. Vichwa saba, sawa. Neno "mnyama", mara kumi na moja.

Yesu? Hakuna.

Nikarudia, kutoka chini kwenda juu. Hakuna.

Nikamnong'onezea Njeru. "Yesu ako wapi hapo?"

"Nyamaza wewe, hizi si ndizi."

Lakini nikaona midomo yake inacheza. Naye anahesabu. Sisi ni watoto wa mzee mmoja.

Njeru akainua mkono. "Mwalimu, Yesu ako wapi kwa hiyo shuka?"

"Mzee, Yesu ni wa kuokoka, na wewe ulishaokoka. Hapa tuko advanced."

Watu wakacheka. Njeru hakucheka.

Mama Wanja, aliyeketi nyuma yetu, akafungua Biblia, Luka 24. Wale wawili wa njia ya Emau, wamekata tamaa kabisa, na Yesu mwenyewe anawaeleza kuanzia Musa na manabii wote. Na alichowaonyesha humo ndani ni habari zake yeye.

"Hakuwachorea tarehe," Mama Wanja akasema, akafunga kitabu.

Mwalimu akasema tutarudi kwa swali hilo. Hatukurudi.

Tukienda nyumbani Njeru alitangulia mpaka kwa gate. Hapo akasimama. "Mimi nangoja mtu. Kumbe nimekuwa nikingoja pembe."

Jumatatu jembe la kung'olea lilibaki kwa stoo. Alitoka na msumeno. Akakata mashina, akaacha chipukizi mbili mbili, na mimi nikawa nabeba kuni.

Nikahesabu miti. Mia mbili tisini na nane. Nikarudia, ni hiyo hiyo. Baba alipotuambia mia tatu alituongezea miwili, Mungu amrehemu.

Sasa, sisemi unabii usisomwe. Mimi mwenyewe siku hizi nasoma. Mtumishi anayeteswa kwa Isaya, mtawala wa kutoka Bethlehemu kwa Mika, Mwanakondoo katikati ya kiti cha enzi kwa Ufunuo. Hata hao wanyama wako hapo ili ujue nani anawashinda. Ukimtoa Kristo, unabaki na picha za kutisha watu mpaka wang'oe kahawa.

Njeru anasema Bwana akija kesho, atampata akipalilia. Akikawia, kuna mavuno.

Kwenu je, kuna chart imetundikwa? Mlioifuata na mliobishana nayo, semeni hapa chini.

Lakini kwanza hesabuni Yesu ametajwa mara ngapi. Halafu hesabuni tena.